Jaribu Kifaa Kabla ya Kuuhukumu Mto

Mchagua jembe si mkulima, walisema wazee, na kwenye shamba la mahindi methali hiyo ina ukweli wake. Mtoni mambo ni tofauti. Anayetafuta punje za dhahabu au vito kwenye kijito chenye maji ya kufika gotini lazima achague vifaa vyake, avipime na azijue tabia zake kabla hajakanyaga maji. Anachokitafuta ni kidogo, kimejificha, na kikipotea hakiachi alama. Mkulima mwenye jembe butu huyaona magugu yaliyobaki nyuma yake. Mwoshaji mwenye beseni baya huona mchanga mtupu, kisha hutangaza kijijini kwamba mto ule hauna kitu.

Mito mingi imesingiziwa hivyo. Na kinyume chake kipo pia: watu wameuza ng'ombe na kukopa fedha kwa ajili ya mto ambao kweli haukuwa na kitu, kwa sababu hakuna aliyeupima sawasawa. Makosa yote mawili yana dawa moja, nayo haina gharama kubwa. Tengeneza vifaa vyako kwa vitu vinavyopatikana dukani na jalalani, na kila kifaa ukitengenezacho kifanyie jaribio nyumbani, kwa kitu ambacho idadi yake unaijua. Nitaeleza vifaa sita na namna ya kuvijaribu. Nawalenga hasa walio Chunya, Geita na Tunduru, lakini maji na mchanga wa Migori, Pokot Magharibi na Ituri hufuata kanuni zile zile.

Kwanza, haki ya kuwa pale

Kabla ya kununua hata msumari, jua unasimama kwenye eneo la nani. Kwa Tanzania, Sheria ya Madini ya mwaka 2010 hairuhusu mtu kutafuta wala kuchimba madini bila leseni. Leseni ya uchimbaji mdogo hutolewa kwa Watanzania, na ofisi ya Tume ya Madini iliyo karibu nawe ndiyo itakayokuonyesha kama eneo liko wazi au lina mwenyewe. Likiwa na mwenyewe, kaa naye, mkubaliane, mwandikishane mbele ya mashahidi. Kenya nayo, kupitia Sheria ya Madini ya mwaka 2016, imeweka kibali cha wachimbaji wa mikono kwa ajili ya raia wake.

Kuna sheria ya pili ambayo wengi huisahau. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ya Tanzania inazuia shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu hifadhi ya mazingira, ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa mto. Kwa hiyo mashimo, mwalo (mfereji wa mbao wa kuoshea mchanga) na kambi vikae mbali na ukingo. Hata kuchota sampuli kwa mikono, pita kwanza ofisi ya bodi ya maji ya bonde lenu uulize kinachoruhusiwa. Kijito unachotaka kukipekua ndicho mtu wa chini anachotekea maji ya kunywa.

Maji huchambua kwa uzito

Vifaa vyote nitakavyovitaja vinafanya kazi moja ambayo mto wenyewe umeianza: kutenganisha kizito na chepesi. Lita moja ya dhahabu halisi ingekuwa na kilo 19 na zaidi. Lita moja ya kwatzi, lile jiwe jeupe ambalo limesagika kuwa sehemu kubwa ya mchanga wa mtoni, haifiki kilo tatu. Katikati yao yapo madini meusi yanayounda mchanga mweusi, ambayo lita yake ina takribani kilo tano, na vito kama yakuti na garneti, takribani kilo nne. Ndani ya maji pengo hilo huzidi kupanuka, kwa sababu maji hukipunguzia kila kitu uzito kulingana na nafasi kinayoichukua. Juu ya mizani, dhahabu ni nzito kuliko kwatzi mara saba hivi. Ikizama majini, huwa nzito mara kumi na moja.

Mto unapokwenda kasi hubeba karibu kila kitu. Unapopunguza mwendo hutua mzigo, na kinachotua kwanza ni kile kizito. Ndiyo maana hatutafuti kila mahali. Tunatafuta upande wa ndani wa kona, nyuma ya jiwe kubwa kwa upande wa chini, mahali mto mwembamba unapopanuka ghafla, na hasa kwenye mipasuko ya mwamba inayokatiza mkondo. Kama mwamba uko mbali chini, tafuta juu ya tabaka la udongo wa mfinyanzi. Dhahabu ikifika pale hushindwa kupenya, ikajilaza juu yake. Mizizi ya majani iliyoshika changarawe ukingoni nayo hunasa punje wakati wa mafuriko, ila usiing'oe ovyo, maana ndiyo inayoushikilia ukingo.

Ukiona mchanga mweusi umejikusanya kama mstari juu ya mchanga mweupe, usishangilie mapema. Mchanga mweusi unakwambia kwamba pale maji huacha vitu vizito. Haukwambii kwamba kitu kizito hicho ni dhahabu.

Kifaa cha kwanza: ndoo ya kioo

Mng'aro wa jua na mawimbi madogo huficha sakafu ya mto hata pale maji yalipo maangavu. Ndoo yenye kioo chini huondoa tatizo hilo, nawe utaona mipasuko ya mwamba bila kukisia.

Chukua ndoo ya plastiki ya lita 10. Kata kitako chake, lakini acha ukingo wa sentimeta mbili au tatu kuzunguka. Tafuta plastiki ngumu inayoonyesha, ile wanayotumia mafundi wa mabango. Kioo cha dirisha kinaweza kutumika, ila kikigonga jiwe mtoni kitakukata. Ikate iwe pana kuliko tundu, kisha ibandike kwa silikoni upande wa nje, yaani chini ya ukingo ulioacha. Hapa wengi hukosea kwa kuibandika kwa ndani. Unapozamisha ndoo, maji husukuma kutoka chini kwenda juu. Plastiki ikiwa nje, maji huikandamiza dhidi ya ukingo na kuzidi kuziba. Ikiwa ndani, maji huibandua. Ongeza mstari mwingine wa silikoni pembeni mwake, acha ikauke siku nzima, halafu paka rangi nyeusi isiyong'aa ndani ya ndoo ili mwanga usikurudie machoni.

Jaribio lake ni rahisi. Weka kipande cha gazeti kavu ndani, izamishe ndoo kwenye pipa la maji, iachie hapo kwa muda wa kunywa chai. Gazeti likiloa, rudia kuziba. Mtoni, tembea ukielekea juu, kinyume na mkondo, ili tope unalolitibua kwa miguu lichukuliwe nyuma yako.

Kifaa cha pili: beseni la kuoshea

Hiki ndicho kifaa mama. Mtu mwenye beseni zuri na mkono uliozoea anaweza kufanya kazi bila vifaa vingine vyote. Mwenye vifaa vyote bila beseni zuri hana anachokijua.

Chagua beseni la plastiki lenye upana wa sentimeta 35 hadi 40, ubavu uliolala kiasi, na rangi nyeusi, kijani cha giza au buluu ya giza, maana punje ya njano huonekana vizuri juu ya giza. Plastiki mpya huwa na utelezi wa mafuta kutoka kiwandani, na dhahabu laini ikikutana na mafuta huelea na kwenda na maji. Kwa hiyo lisugue lote kwa msasa laini, lioshe kwa sabuni, lisuuze mara kadhaa. Kisha kwenye ubavu mmoja bandika mistari mitatu ya mpira wa tyubu ya lori kwa gundi ya viatu, kila mstari ukiwa mbali na mwenzake kwa upana wa kidole. Ikunje mara mbili ili isimame kidogo. Ngazi hizo ndogo ndizo zitakazoizuia punje isiteremke na mchanga unapoinamisha beseni.

Wapo wanaopendelea karai la chuma, nalo ni zuri. Chuma kitupu hupashwa motoni mpaka kigeuke rangi, mafuta yakaungua na uso ukawa mweusi. Lakini makarai mengi ya madukani yamepakwa zinki, kama mabati. Usiyatie motoni. Moshi wa zinki hudhuru mapafu. Karai la namna hiyo lisugue kwa msasa na sabuni tu.

Kuosha kwenyewe kunafanana na kupepeta kwa ungo, isipokuwa hapa unachokitaka ndicho kinachobaki chini. Jaza robo tatu ya beseni, lizamishe lote majini, ponda udongo kwa vidole mpaka mabonge yaishe. Usiharakishe hatua hii, kwa sababu bonge la udongo linaweza kumeza punje na kuondoka nayo. Okota mawe makubwa, yasuuze juu ya beseni, yatupe. Shika beseni likiwa sawa, litikise kushoto na kulia kwa nguvu, mara nyingi, ili vizito vizame. Sasa liinamishe mbele, upande wenye ngazi ukiwa chini, uache maji yachukue tabaka la juu tu. Lirudishe, litikise tena, liinamishe tena. Unapobakiwa na kijiko cha mchanga mweusi, weka tone moja la sabuni ya vyombo. Sabuni hulegeza uso wa maji, na zile punje nyembamba zinazopenda kuelea huzama.

Sasa jaribio, na hili naomba usiliruke. Nunua chubwi ya risasi ya wavuvi. Ikate vipande 20 vyenye ukubwa wa punje ya uwele, kisha kila kimoja kigonge kwa nyundo kiwe bapa, kwa sababu dhahabu ya mtoni nayo mara nyingi ni bapa. Vichanganye na mchanga wa mtoni wa kujaza beseni. Weka chini karai kubwa lenye maji, oshea ndani yake, halafu hesabu. Ukipata 14, sita vimekwenda. Vitafute kwenye karai, changanya upya, osha upya. Lita ya risasi ina kilo 11 na ushei tu, kwa hiyo mkono unaoweza kushika risasi utaishika dhahabu kwa urahisi zaidi. Endelea nyumbani mpaka upate 20 mara kwa mara, si kwa bahati. Nawa mikono kwa sabuni ukimaliza, weka vipande hivyo mbali na watoto, na usivipeleke mtoni, kwani risasi ni sumu.

Kifaa cha tatu: chekeche

Punje ndogo nzito na jiwe kubwa jepesi vikiwekwa pamoja huchanganya mambo, maana jiwe hutibua maji na kuirusha punje. Vitu vyenye ukubwa unaokaribiana ndivyo vinavyotengana vizuri. Ndiyo kazi ya chekeche.

Tengeneza fremu ya mbao ya sentimeta 40 kwa 40, yenye kina cha sentimeta 10. Chini pigilia wavu wa chuma wenye matundu ya milimeta sita hivi, kama ule wa vitanda vya kukaushia kahawa. Tengeneza na wa pili wenye matundu madogo, ya milimeta mbili. Pigilia ubao mwembamba juu ya kingo za wavu, la sivyo utachanika viganja. Chekechea majini, juu ya beseni, ili udongo ulioshika mawe uoshwe na kushuka.

Palipo na vito, chekeche hupanda cheo. Tangu miaka ya 1990 Tunduru imejulikana duniani kwa yakuti, spineli na aleksandriti zinazotoka kwenye changarawe za mito, na huko anayetupa mawe yaliyobaki juu ya wavu bila kuyatazama hutupa ujira wake. Kwa vito tumia chekeche la duara. Lizamishe majini kidogo, lipandishe na kulishusha kwa mapigo mafupi huku ukilizungusha, mawe mazito yakae chini na kukusanyika katikati. Kisha lipindue kwa ghafla juu ya gunia. Yaliyokuwa chini sasa yako juu, katikati kabisa. Tafuta hapo kwanza. Jaribio lake: changanya na changarawe ya kawaida mawe kumi ya garneti au vipande kumi vya chuma vya ukubwa wa maharage, uone vingapi vitatokea katikati.

Kifaa cha nne: ndoana na bomba la kunyonyea

Punje nzuri mara nyingi hukaa ndani ya ufa wa mwamba usioingia kidole. Mpelekee fundi chuma kipande cha nondo ya milimeta nane, akiponde ncha na kukikunja kama ndoana. Ongeza kijiko cha zamani, bisibisi na brashi ngumu. Kwaruza ufa kutoka juu kwenda chini huku umekinga beseni upande mkondo unakoelekea.

Kilichobaki chini ya ufa kinahitaji kunyonywa. Kata bomba la plastiki la inchi mbili, urefu wa sentimeta 60. Ziba upande mmoja kwa kifuniko chake, toboa kifuniko katikati, pitisha bomba jembamba la nusu inchi. Bomba hili jembamba liingie ndani kwa sentimeta kumi. Hapo ndipo penye siri yake: mchanga ulionyonywa hubaki umezunguka shina la bomba hilo, haurudi ulikotoka unapoinua kifaa. Pistoni ni fimbo ya mbao yenye viduara vitatu vya mpira wa tyubu vilivyobanwa kwa skrubu, vikubwa kidogo kuliko tundu. Ikikwama, lainisha kwa sabuni. Usipake grisi wala mafuta ya kula, kwa sababu ile ile ya dhahabu kuelea.

Jaribu kwenye ndoo. Nyonya maji, inua, uone kama pistoni inateremka yenyewe. Ikiteremka, viduara ni vidogo. Kisha weka vipande vichache vya ile risasi chini ya ndoo pamoja na mchanga, vinyonye vyote, fungua kifuniko, hesabu.

Kifaa cha tano: mwalo mdogo

Beseni ni la kupima. Mwalo ni wa kazi, na hauna haja ya kuwepo mpaka beseni limekwambia kuna kitu. Ubao wa meta moja kwa sentimeta 25, kuta za sentimeta 15, na ndani yake kipande cha zulia chakavu au blanketi zito. Juu ya blanketi pitisha vijiti kadhaa kwa mkingamo ili maji yajikunje nyuma yake na kuacha vizito.

Mteremko ndio huamua kila kitu. Anza na sentimeta nane kwa kila meta moja, kisha tazama. Mchanga mweupe ukirundikana, inua kidogo. Mchanga mweusi ukikimbia wote, shusha. Mwalo una jaribio lake la kudumu ambalo halihitaji risasi: gawa blanketi vipande vitatu, cha juu, cha kati na cha chini, ukavioshe kwenye ndoo tatu tofauti. Karibu dhahabu yote inatakiwa iwe kwenye kipande cha juu. Ukianza kuiona kwenye cha chini, nyingine tayari imekupita. Punguza mteremko au punguza maji.

Usiuweke ndani ya kijito. Uweke mbali na ukingo, mimina maji kwa ndoo, na chimba shimo dogo chini yake ili tope litue humo. Maji yaliyotulia juu ya tope unaweza kuyachota na kuyatumia tena.

Kifaa cha sita: sumaku na kichupa

Spika iliyoungua ina sumaku nzuri. Ivike karatasi ya nailoni. Kausha mchanga mweusi, pitisha sumaku juu yake taratibu, peleka pembeni, vua nailoni, na chembe za chuma zitadondoka. Rudia mara mbili tatu, halafu uoshe tena kilichotolewa na sumaku, kwa sababu chembe zikishikamana hubeba punje katikati yao. Si mchanga mweusi wote hushikwa na sumaku. Unaobaki utauondoa kwa beseni, ukivuta maji kidogo kidogo.

Kwa punje zenyewe, chukua chupa ndogo laini ya plastiki, toboa kifuniko, pitisha mrija wa soda uingie ndani kwa urefu wa kidole, ziba pembeni. Ukiibana na kuiachia, hunyonya punje na kuihifadhi. Vidole vyenye mafuta havifai kazi hii.

Na je, hiyo punje ni yenyewe? Ipeleke kivulini. Dhahabu hubaki njano ile ile juani na kivulini, wakati ulanga na madini mengine yanayometameta hubadilika kadiri unavyoyageuza. Ibonye kwa ncha ya sindano. Dhahabu hubonyea na kutandazika. Pairiti, madini ya njano yanayofanana na dhahabu, husagika; ulanga hukatika vipande vyembamba.

Daftari

Kifaa kilichojaribiwa kinastahili kuandikiwa. Tumia ndoo ile ile kila mahali, ijae kwa kiwango kile kile, na kwa kila ndoo andika mahali, kina, aina ya tabaka na idadi ya punje, hata kama ni sifuri. Panda mto hatua kwa hatua. Punje zikiendelea kuongezeka halafu zikakatika ghafla, usidhani bahati imeisha. Huenda umepita chanzo chake, na miamba ya kando au kijito kinachoingilia hapo ndivyo vya kuchunguzwa. Ndivyo utafutaji wa mito unavyompeleka mtu kwenye miamba. Kule Lupa, Chunya, dhahabu ilianza kujulikana kwenye mchanga wa mto mwaka 1922, na uchimbaji wa miamba ukafuata.

Vitu vingine mtoni si vya kuchukua. Ukikuta kichwa cha shoka la jiwe, vigae vya kale, shanga au mifupa iliyogeuka jiwe, viache vilivyolala na utoe taarifa kwa afisa utamaduni wa wilaya. Isimila, karibu na Iringa, zana za mawe za kale sana zilionekana mwaka 1951 ndani ya korongo lililochimbwa na maji. Thamani yake ilitokana na kukutwa mahali pake, kila moja kwenye tabaka lake. Ikitiwa mfukoni, hadithi yake imekwisha, na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inazilinda.

Mwili wako na wa jirani

Maji ya kina kifupi yanayokwenda taratibu ndiyo makao ya konokono wa kichocho. Vijidudu vyake hutoboa ngozi, na huwa vingi majini wakati wa jua la mchana. Vaa mabuti marefu ya mpira na glavu, fanya kazi ya majini asubuhi mapema, jikaushe mara utokapo. Ukiona damu kwenye mkojo au choo, nenda kituo cha afya, dawa ya prazikwanteli ipo. Usichimbe chini ya ukingo uliosimama wima, kwani huanguka bila onyo. Na mawingu yakiwa mazito milimani, toka majini hata kama kwako ni jua kali. Watoto wasihusike na kazi hii kabisa.

Neno langu zito kuliko yote ni kuhusu zebaki. Huihitaji. Beseni lililojaribiwa, sumaku na subira vitakufikisha kwenye mchanga mweusi kidogo sana, na hapo punje huyeyushwa kwa boraksi, kama wafanyavyo wachimbaji wa Benguet huko Ufilipino. Mvuke wa zebaki huharibu ubongo na figo za anayeichoma na za walio naye nyumbani, na ile inayoingia mtoni hugeuka sumu ndani ya samaki. Mji wa Minamata nchini Japani uliteseka kwa njia hiyo ya samaki, na ndiyo maana mkataba wa kimataifa wa mwaka 2013 wa kudhibiti zebaki umepewa jina lake. Kwenye mito iliyofanyiwa kazi miaka mingi unaweza kuokota dhahabu yenye weupe kama wa fedha. Huo weupe huenda ni zebaki ya waliokutangulia. Usiitie motoni. Ihifadhi kwenye kichupa kilichofungwa, uipeleke soko la madini na uwaambie wazi unavyoishuku.

Lini useme hapana

Utafika mahali ambapo umeosha ndoo kwenye kona, nyuma ya mawe, ndani ya nyufa na juu ya mfinyanzi, na daftari linaonyesha sifuri baada ya sifuri. Kabla ya kuondoka, rudia jaribio la risasi nyumbani. Ukipata 20, basi kosa si la beseni wala la mkono wako, na mto umekujibu.

Jibu hilo lipokee kwa moyo mkunjufu. Limekugharimu beseni, ubao, mpira wa tyubu na jasho. Mwenzako aliyeanza kwa kukodi pampu na karasha angelilipia kwa shamba. Na siku daftari litakapoonyesha punje tano, nane, kumi na mbili kadiri unavyopanda, utakwenda kwa mwenye leseni, kwa ofisi ya madini, au kwa ndugu unaotaka washirikiane nawe, ukiwa na namba zinazoweza kurudiwa na mtu yeyote mwenye ndoo kama yako. Uza mbuzi baada ya hapo, si kabla.